Bunduki ya maji imelegea? Pima kabla ya kutoboa nozo

Jumamosi moja ya Januari, jua likiwaka mpaka mabati yanalia, mtoto wa jirani alikuja kwenye meza yangu ya kazi na bunduki yake ya maji, ya plastiki ya kijani. Mimi hutengeneza pampu za mgongoni, zile za kunyunyizia dawa shambani, na kwa sababu hiyo watoto wa mtaa wetu hapa Kariobangi, Nairobi, wananiona daktari wa kila kitu kinachorusha maji.

"Fundi," akaniambia, "hii ilikuwa inafika mpaka kwa geti. Sai inamwagika tu hapa kwa miguu."

Niligeuza mdomo wa bunduki nikautazama. Tundu lilikuwa na kingo nyeusi zilizoungua, limepinda upande mmoja kama yai. Kuna mtu alikuwa amepasha msumari moto akautumbukiza pale ili maji yatoke mengi.

Hiyo ni kazi ninayoletewa kila likizo, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi bunduki hiyo ilikuwa na tatizo dogo la dakika kumi ambalo halikuhusu nozo kabisa. Nozo ndiyo mlango wa mwisho ambao maji hupitia. Ukiona maji ni dhaifu mlangoni, sababu inaweza kuwa kwenye mlango, lakini pia inaweza kuwa kwenye korido, kwenye pampu, kwenye kifuniko cha tenki au kwenye maji yenyewe. Na tundu likishapanuliwa halirudi lilivyokuwa bila kazi ya ziada. Kwa hiyo anza nyuma uje mbele.

Jua kwanza unashika aina gani

Bunduki za maji zinazouzwa mjini, kuanzia Kamukunji mpaka Eastleigh, hufanya kazi kwa njia nne.

Kuna bastola ndogo ya triga, ambayo kila ukiivuta hutema tone refu moja. Ndani yake mna pampu ndogo yenye springi na vijigololi viwili vinavyofanya kazi ya valvu, sawa kabisa na chupa ya kunyunyizia dawa ya kusafisha vioo. Kuna bomba la kuvuta na kusukuma, lile la sponji au la plastiki ambalo unalichovya kwenye ndoo, unavuta mpini, halafu unasukuma kwa nguvu. Kuna ya presha, yenye mpini wa kupampu chini ya mtutu: unapampu mara nyingi, hewa inabanwa ndani ya chemba, na triga inafungua tu njia. Halafu kuna za betri ambazo zimejaa madukani miaka ya karibuni.

Hiyo ya tatu ina baba yake. Mhandisi Mmarekani Lonnie Johnson alikuwa nyumbani kwake mwaka 1982 akifanyia majaribio mtambo wa kupoza unaotumia maji. Alikuwa ameunganisha nozo aliyoichonga mwenyewe kwenye bomba la bafuni, na maji yakaruka kwa nguvu mpaka akaona hapo pana mchezo mzuri. Bunduki yake iliingia sokoni mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikapewa jina la Super Soaker. Mimi huwaambia watoto kisa hiki kwa sababu jambo lilianzia kwenye nozo iliyochongwa kwa vipimo. Msumari wa moto haukuhusika.

Dawa ya aina moja si dawa ya nyingine, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Pima

Unahitaji vitu vitatu: simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, jagi lenye alama za mililita, na biti za drili za milimita 1, 1.5, 2, 2.5 na 3. Biti huhitaji kununua. Fundi wa mbao wa karibu atakuazima kwa dakika tano. Tumia upande wa nyuma wa biti, ule laini, uusukume taratibu kwenye tundu la nozo. Biti kubwa zaidi inayoingia bila kulazimishwa ndiyo kipenyo chako. Usitumie upande wenye makali hata kwa kujaribu, maana plastiki ni laini na ukizungusha kidogo tu umeshatoboa.

Kisha pampu mara 20 kamili, elekeza mdomo ndani ya jagi, fyatua kwa sekunde 3, funga. Gawanya mililita ulizopata kwa 3. Kwa bastola ya triga, fyatua mara 20 ugawanye kwa 20. Mwishowe simama mahali pamoja, inua mtutu kidogo juu, fyatua, halafu hesabu hatua mpaka mahali ambapo sakafu imelowa hasa. Usihesabu matone ya mbele kabisa. Andika zote tatu: kipenyo, mililita kwa sekunde, hatua.

Sasa unahitaji kujua namba hizo zinapaswa kuwa ngapi, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo. Tundu la milimita 2 hupitisha mara nne ya maji ya tundu la milimita 1. La milimita 3 hupitisha mara tisa. Macho yanakudanganya: tofauti ya nusu milimita inaonekana si kitu, kumbe kutoka milimita 2 kwenda 2.5 umeongeza maji kwa zaidi ya nusu.

Chukua bunduki ya presha yenye bar 1 ndani, ambayo ni karibu nusu ya presha ya tairi la gari dogo. Kwa presha hiyo maji hutoka kwa kasi ya takriban mita 14 kwa sekunde. Kwa hesabu safi, bila kupoteza chochote njiani, tundu la milimita 1 litatoa mililita 11 kwa sekunde, la milimita 2 litatoa 44, la milimita 3 litatoa 100, na la milimita 4 litatoa kama 177. Bunduki halisi hutoa pungufu ya hapo kwa sababu maji husuguana na kuta na kujipinda kwenye kona. Ukipata asilimia 80 hadi 90 ya namba hizo, bunduki yako ni nzima.

Hesabu hiyo iweke kwenye mtungi wa lita 20, maana kwetu maji hununuliwa kwa mtungi wiki ambayo mfereji umekauka. Ukifyatua bila kupumzika, nozo ya milimita 1 itakaa na mtungi huo nusu saa. Ya milimita 2, dakika saba na nusu. Ya milimita 3, dakika tatu na sekunde 20. Ya milimita 4 inaumaliza kabla dakika mbili hazijafika. Mzazi anayevuta maji kwa mkokoteni na akasikia mtoto anataka "nozo kubwa" anastahili kujua namba hizi kabla ya kukubali.

Dalili: maji yanatoka mengi lakini yanaanguka karibu

Huu ndio ugonjwa wa yule mtoto, na ndio ulio na mengi ya kueleza.

Maji hufuata mkondo, na mkondo wa bunduki una sehemu nyembamba zaidi mahali fulani. Katika bunduki nzima, sehemu hiyo ni nozo. Presha yote inafika pale mbele ikiwa bado na nguvu, na nguvu hiyo inageuka kuwa kasi. Ukipanua nozo mpaka ikazidi njia ya valvu iliyo nyuma yake, sehemu nyembamba inahamia kwenye valvu. Presha inapotelea mle ndani, na maji yanafika mdomoni yakiwa yamechoka. Yatakuwa mengi kidogo kuliko zamani, lakini hayana mbio.

Bunduki ya kijani ilikuwa mfano mzuri. Tundu lililoungua lilipokea shina la biti ya milimita 5. Kama njia yote ingekuwa wazi, tundu hilo kwa bar 1 lingetoa zaidi ya mililita 270 kwa sekunde. Jagi lilisema 240 kwa sekunde 3, yaani 80 tu kwa sekunde. Nilipofungua skrubu za ubavuni nikakuta njia ya valvu ni milimita 3. Hapo kila kitu kilieleweka: valvu ilikuwa inatoa karibu kila ilichoweza kutoa, na msumari haukuongeza chochote zaidi ya hapo. Maji hayo 80 yakipita kwenye tundu la milimita 5 yana kasi ya mita 4 tu kwa sekunde. Yakaanguka hatua tatu mbele yake.

Kwa hiyo ukiona dalili hii, linganisha vipenyo viwili: cha nozo na cha njia ya valvu. Nozo ikiwa sawa na valvu au kubwa zaidi, umepata mwizi. Mimi napenda nozo isizidi theluthi mbili ya kipenyo cha njia ya nyuma. Valvu ya milimita 3, nozo ya 2. Hapo presha inayopotea ndani ni ndogo.

Namna ya kurudisha tundu lililopanuliwa: tafuta mrija wa wino wa biro iliyokwisha, uoshe kwa spiriti mpaka wino uishe, pima tundu lake la ndani kwa shina la biti. Kata kipande cha sentimita moja na nusu kwa wembe mkali, ukate wima, kisha pangusa kingo. Kwaruza kidogo ndani ya nozo ya zamani kwa msasa ili gundi ishike, paka gundi ya kuchanganya mirija miwili kwa nje ya kipande hicho, kiingize kikiwa kimenyooka kabisa. Acha mpaka kesho yake. Usiwe na haraka hapo: gundi isiyokauka itang'oka kwa mfyatuo wa kwanza, na kipande kitaruka kama risasi. Kwa hiyo mfyatuo wa kwanza ufanywe na mtu mzima, mdomo ukiangalia ukuta.

Dalili ikiwa hii hii lakini nozo haijaguswa, angalia presha, ambayo naieleza hapo chini.

Dalili: maji yanafika mbali lakini ni uzi mwembamba

Mara nyingi huu si ugonjwa. Ni bunduki yenye nozo ndogo inayofanya kazi yake. Kuna jambo moja tu la kujua: uzi mwembamba huvunjika kuwa matone mapema kuliko uzi mnene, na tone dogo husimamishwa na hewa haraka. Ndiyo maana kwa presha ile ile, ikiwa njia ya nyuma ni pana, nozo ya milimita 3 hufika mbali kuliko ya milimita 1, ingawa kasi ya kutoka ni ile ile. Mafanikio ya nozo kubwa yana bei yake, na bei ni maji na kupampu.

Ukiamua kupanua, hakikisha valvu inaruhusu, kisha panda kwa nusu milimita kwa wakati mmoja, kwa biti unayoizungusha kwa vidole na si kwa mashine. Pima jagi kila hatua. Siku utakayoona mililita zimeongezeka lakini hatua hazijaongezeka, simama hapo hapo, umefika mwisho wa bunduki hiyo.

Dalili: maji yanatawanyika kama mvua

Tazama mdomo kwa kioo cha kukuza au piga picha ya karibu kwa simu uikuze. Utaona moja kati ya mambo matatu.

La kwanza ni ukoko mweupe. Sehemu nyingi za Nairobi wanatumia maji ya kisima kirefu, haya tunayoita maji ya chumvi, na yakikauka kwenye tundu huacha ukoko. Chovya pua ya bunduki kwenye siki nyeupe kwa usiku mmoja, asubuhi suuza na usugue kwa mswaki mzee. Usichokonoe kwa sindano, maana ukoko ukitoka kwa kulazimishwa huchana plastiki. Na kwa kuwa tumetaja maji hayo: maji ya visima vingi vya hapa yana floridi nyingi ambayo huharibu meno ya watoto yanapokuwa yanaota. Watoto hufyatuliana midomoni na kunywa. Ukiweza, jaza maji ya mfereji.

La pili ni kipande cha plastiki kama nywele kilichobaki tangu kiwandani au baada ya kutobolewa. Kiondoe kwa kuzungusha biti ya kipenyo kile kile kwa vidole, mara moja tu.

La tatu ni taka ndani. Maji yakirudi baada ya mgao wa siku kadhaa, huja na tope na kutu kutoka kwenye mabomba. Dakika za kwanza za mfereji zisiingie kwenye bunduki. Funga kitambaa cha chai mdomoni mwa tenki unapojaza.

Kama tundu ni safi na la mviringo lakini bado maji yanatawanyika, msukosuko unatoka nyuma: maji yanapiga kona kali karibu sana na nozo. Ikiwa kuna nafasi nyuma ya nozo, funga pamoja vipande vya mirija myembamba ya juisi vya sentimita tatu na uviingize humo vikielekea kule maji yanakokwenda. Maji yakipita humo yananyooka. Nimefanya hivyo kwa bomba moja kubwa la kusukuma, na uzi wake ukawa kama kioo kwa mita mbili za kwanza. Ni jambo zuri sana kulitazama.

Dalili: mifyatuo ya kwanza ni mizuri, kisha inafifia

Angalia kuta za tenki. Zikiwa zimenywea ndani, jibu umelipata. Maji yanapotoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake, na huingia kupitia katundu kadogo kwenye kifuniko. Katundu hako kakiziba kwa tope, tenki inafyonzwa na pampu inashindwa kuvuta. Legeza kifuniko kidogo: ukisikia mlio wa hewa ikiingia na bunduki ikapona pale pale, safisha katundu kwa pini. Hapa pini inaruhusiwa, kwa sababu hapa si nozo.

Kuta zikiwa hazijanywea, na bunduki ni ya presha ya hewa, basi kufifia ni tabia yake. Maji yakitoka, hewa iliyobanwa inapata nafasi, inatanuka, presha inashuka. Watengenezaji walilijua hilo, na mwaka 1996 ikatoka Super Soaker ya CPS 2000 iliyotumia kibofu cha mpira badala ya hewa tupu. Mpira ulibana maji kwa nguvu iliyokaribia kuwa sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo sababu iliweza kubeba nozo pana. Bunduki ya hewa haiwezi kuiga hilo kwa kutobolewa. Dawa yake ni kupampu mara kwa mara kabla haijaisha.

Dalili: unapampu lakini presha haipatikani

Sikiliza mkono wako, utakwambia wenyewe.

Mpini ukienda na kurudi kama upepo, bila uzito wowote, ama tenki haina maji, ama mrija wa kufyonza umechomoka ndani, ama oringi ya pistoni, ile pete ya mpira inayoziba pembeni, imekwisha. Ifungue, toa oringi, nenda nayo mkononi kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na uilinganishe na mpya. Usinunue kwa kukisia. Paka mafuta ya silikoni kidogo. Mafuta ya kujipaka yatokanayo na petroli huvimbisha mpira wa asili, na mafuta ya kupikia hugeuka utomvu baada ya mwezi.

Mpini ukirudi nje wenyewe baada ya kusukuma, presha iliyoingia chemba inarudi nyuma. Valvu ya kuzuia kurudi ina mchanga au kingo zake zimeliwa. Mara nyingi kuosha kunatosha.

Mpini ukiwa mzito baada ya mara tano tu, halafu bunduki ikafyatua kwa sekunde moja na kunyamaza, chemba imejaa maji na haina hewa ya kubanwa. Maji hayabanwi. Toa maji yote, shika triga wazi mtutu ukiangalia chini mpaka isiwe na tone, ndipo uanze upya.

Mpini ukiwa na uzito mzuri lakini presha inapotea ukipumzika, fanya kama fundi wa pancha: paka povu la sabuni kwenye maungio yote uangalie pale panapotoa mapovu. Lakini usipeleke bunduki kwa fundi wa pancha ijazwe upepo kwa kompresa. Kompresa yake imezoea matairi. Plastiki hii haikuumbwa kwa presha hiyo, na ikipasuka inapasukia usoni mwa mtoto.

Jambo jingine ni letu wa Nairobi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya hapa ina uzito wa takriban asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Bunduki ikiwa tupu, hewa iliyomo chemba tayari ni nyepesi. Ukipampu maji mpaka hewa hiyo ibanwe nusu, Mombasa utapata presha ya bar 1 hivi, hapa utapata 0.8. Kasi ya maji inapungua kama moja ya kumi. Kwa hiyo shangazi akikuletea bunduki kutoka Pwani na kuapa kwamba kule ilikuwa inafika mbali zaidi, huenda anasema kweli. Ongeza kupampu mara chache, bila kuvuka pale mpini unapokataa.

Bomba la kuvuta na kusukuma

Hili halina presha ya kuhifadhi. Mkono wako ndio presha. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 30 na nozo ya milimita 5 huzidisha kasi ya mkono mara 36. Ukisukuma sentimita 30 kwa sekunde, maji yanatoka kwa karibu mita 11 kwa sekunde, na unahitaji nguvu kama ya kubeba kilo 4. Mtoto wa miaka minane anaweza.

Sasa punguza nozo iwe milimita 3 ukidhani itafika mbali zaidi. Ili usukume kwa mwendo ule ule utahitaji nguvu ya kilo 32. Mtoto hawezi, atasukuma polepole, na maji yatatoka kidogo huku anaona bunduki imeharibika. Kwa hiyo mtoto akilalamika kwamba bomba ni gumu, hii ndiyo aina pekee ambayo nakubali kupanua nozo bila mjadala mrefu. Likiwa jepesi lakini dhaifu, chomoa pistoni: wosha yake, ule mpira wa kuziba, imekauka au imekunjamana, na maji yanapita pembeni na kurudi nyuma yake.

Bastola ya triga na ya betri

Bastola ya triga hutoa mililita moja hivi kwa mvuto, na nozo kubwa haiwezi kubadilisha hilo, kwa sababu kiasi kimeamuliwa na ukubwa wa kijipampu. Ikikataa kabisa baada ya kukaa kabatini, gololi imeganda. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, kisha vuta triga haraka mara 15 au 20 mpaka hewa itoke.

Ya betri ikidhoofika, chaji kwanza, safisha kichujio cha mrija pili, na hapo tatu ndipo uangalie pampu. Ikiwa sehemu ya betri imeingia maji, izime, toa betri, ikauke kabisa kabla ya kuchomeka chaja. Betri iliyovimba haitengenezwi.

Dalili: inadondoka mdomoni hata triga ikiwa imeachwa

Springi ya valvu imechoka au kuna chembe kwenye kikalio chake. Fyatua mara kadhaa kwa presha kubwa uone kama chembe itatoka yenyewe. Isipotoka, fungua usafishe. Springi ya kalamu ya kubofya imeniokoa mara nyingi kwenye bunduki ndogo.

Ile ya kijani

Niliiweka mrija wa biro wenye tundu la milimita 2, nikaiacha usiku kucha karibu na dirisha. Jumapili baada ya kanisa mtoto alikuja kabla sijafungua meza. Nilifyatua ya kwanza ukutani, gundi ikashika. Tukapampu mara 20 pamoja, yeye akihesabu kwa sauti, tukafyatua ndani ya jagi sekunde 3: mililita 115, yaani 38 kwa sekunde, asilimia 86 ya kile hesabu inasema. Nusu ya maji iliyokuwa ikimwaga jana yake.

"Fundi, imekuwa kidogo," akasema, akilitazama jagi, uso umeshuka.

Nikamwambia asimame pale aliposimama jana, ainue mtutu kidogo. Alifyatua. Tulihesabu hatua kumi, na baada ya hapo geti lilikuwa limelowa, kwa hiyo hatukujua ingefika wapi.

Aliazima kalamu yangu, akaandika 2 kubwa ubavuni mwa bunduki, karibu na nozo, ili kaka yake asiiguse tena.